Je, Kuzuia ni Kufaulu? Tajiriba ya Mkalimani Mmoja na Kitenzi 'Obstruct'

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, yaani *obstruct*, na safari yake ya kuingia katika Kiswahili. Mada ni finyu, na msomaji aliyezoea kuona kurasa hizi zikijadili ngeli, unyambulishaji wa vitenzi au ushairi wa mwambao anaweza kujiuliza kama neno moja linastahili nafasi yote hii. Jibu langu ni kwamba nililifasiri neno hilo vibaya mara moja, mbele ya hakimu, na mama mmoja aliyesimama kizimbani akalilipia kosa langu. Tangu wakati huo nimefundisha tafsiri kwa miaka mingi, nimekaa katika vikao vya istilahi na nimesahihisha tasnifu za wanafunzi kadha wa kadha, lakini neno hilo halijaniacha.

Makala yana madhumuni mawili. Kwanza, yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti kubwa kati ya *obstruct* na kisawe chake cha kawaida, *kuzuia*, imo katika tokeo: je, kitenzi kinadai kwamba jambo lililozuiwa halikufanyika, au kinadai tu kwamba lilifanywa gumu? Pili, yanapendekeza njia ya kulifasiri neno hili pale ambapo uhuru au mali ya mtu inalitegemea. Kwa kuwa hoja yenyewe ilizaliwa na tukio, nitaanza na tukio.

2.0 Shauri la Mwaka 1983

Mwaka 1983 nilikuwa karani kijana katika mahakama moja ya wilaya ya mwambao wa Tanzania. Ulikuwa mwaka wa kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi, iliyoongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine. Bidhaa zilikuwa adimu madukani: sukari, sabuni, khanga, mafuta ya kupikia. Polisi na mgambo walikuwa wakipekua maghala na nyumba za watu wakitafuta bidhaa zilizofichwa. Mashauri ya hujuma yenyewe yalikuwa na utaratibu wake chini ya sheria maalumu ya mwaka huo. Kwetu sisi yalifika makombo ya kampeni: ugomvi wa foleni, matusi, na watu walioshtakiwa kwa kuwasumbua askari waliokuwa kazini.

Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mjane, mshonaji, ambaye jina lake sitalitaja. Hati ya mashtaka ilikuwa ya Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi. Ilinukuu Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 243(b), kinachomtia hatiani mtu anayemshambulia askari, anayemkinza, au anayemfanyia jambo ambalo Kiingereza huliita *obstruct*, hali askari huyo anatekeleza kazi yake ipasavyo. Kitenzi hicho cha tatu kimetanguliwa na kielezi chenye maana ya kukusudia. Kazi yangu ilikuwa kumsomea mshtakiwa mashtaka kwa Kiswahili, kisha kumpa hakimu jibu lake kwa Kiingereza, maana kumbukumbu za mahakama ziliandikwa kwa lugha hiyo.

Nilisoma bila kusita: "Unashtakiwa kwamba uliwazuia askari kwa makusudi wasifanye kazi yao. Ni kweli au si kweli?"

Mama yule alinitazama, akajibu kwa upole: "Niliwazuia kidogo, mwanangu, maana ndani mlikuwa na mzazi."

Kila msomaji wa pwani anaelewa alichokisema. Binti yake alikuwa amejifungua siku chache nyuma na hajatoka arobaini. Alikuwa kitandani, hajajisitiri, na mama alisimama mlangoni akiwaomba wanaume wale wangoje mpaka binti ajifunike. Hawakungoja sana. Waliingia, wakapekua, wasikute kitu cha kuandikia.

Nilimgeukia hakimu nikamwambia kwa Kiingereza maneno machache yenye maana kwamba ni kweli, aliwazuia askari. *Kidogo* niliiacha. *Maana ndani mlikuwa na mzazi* niliiacha pia, nikiiona kuwa ni maelezo, nami nilifunzwa kwamba mshtakiwa hukiri au hukana kwanza, maelezo huja baadaye. Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa amekiri kosa. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo mafupi ya tukio. Mama alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema, "Sina zaidi, nimekwisha sema." Kwa hakika alikuwa amekwisha sema, ila alichokisema hakikumfikia aliyepaswa kukisikia. Akatozwa faini, na kifungo endapo angeshindwa kulipa. Alilipa kwa kuuza cherehani yake.

Majuma kadhaa baadaye nilikutana naye sokoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikilipeleka darasani kila mwaka tangu nianze kufundisha: "Hivi, mwanangu, mimi nilimzuia nani? Si waliingia?"

3.0 Maana ya Kitenzi katika Kiingereza

Ili kulijibu swali la mama yule, inatupasa kwanza kulitazama neno lenyewe nyumbani kwake. *Obstruct* limetoka katika Kilatini, katika kitenzi *obstruere*, chenye sehemu mbili: kiambishi chenye maana ya 'mbele ya' au 'dhidi ya', na shina lenye maana ya kurundika au kujenga. Picha iliyomo ni ya mtu anayerundika vitu njiani mbele ya mwenziwe. Picha hiyo inatuonyesha rundo tu. Haituambii kama msafiri aligeuka akarudi, akaliruka, au akasimama kwa muda kisha akalipangua.

Katika matumizi ya kila siku kitenzi hicho kimeihifadhi picha hiyo. Waingereza hukitumia kwa gari lililoegeshwa vibaya likabana barabara ilhali magari mengine yanapita kwa taabu, kwa nguzo inayomkinga mtazamaji asilione jukwaa lote, na kwa mshipa wa mwili ulioziba nusu. Jirani zake wana picha zao. *Impede* hutokana na neno la Kilatini la mguu, na awali kilihusu kutiwa pingu miguuni. *Hinder* ni cha asili ya Kijerumani na kina udugu na neno la nyuma: ni kumweka mtu nyuma. *Prevent* kinatokana na Kilatini cha 'kuja kabla', na hicho ndicho ambacho leo hudai tokeo: jambo lililozuiwa kwa *prevent* halikufanyika. Msemaji wa Kiingereza anaweza kusema, bila kujipinga, kwamba fulani alimfanyia askari *obstruct* na askari akaingia. Akitumia *prevent* katika sentensi hiyohiyo, msikilizaji wake atamtaka aieleze upya.

Wanasheria wa Uingereza waliliona jambo hili mapema. Katika shauri la Hinchcliffe dhidi ya Sheldon la mwaka 1955, mtoto wa mwenye baa aliwapigia wazazi wake ukelele wa kuwatahadharisha kwamba polisi wako nje. Mlango ulichelewa kufunguliwa kwa dakika kadhaa, na polisi walipoingia hawakukuta kosa lolote. Hata hivyo hatia ya kijana yule ilithibitishwa. Jaji Mkuu, Lord Goddard, alieleza kwamba kitenzi hiki kina maana ya kuifanya kazi ya polisi iwe ngumu zaidi. Kwa fasili hiyo, kuchelewesha kunatosha, na kufaulu si sharti.

Shauri la pili ni la Rice dhidi ya Connolly la mwaka 1966. Mtu mmoja wa mji wa Grimsby alisimamishwa na polisi usiku wa manane. Alikataa kueleza kikamilifu jina na anwani yake, na akakataa kuandamana na askari bila kukamatwa. Ni dhahiri kwamba aliifanya kazi ya askari kuwa ngumu. Lakini hatia yake ilifutwa, kwa sababu neno la kukusudia katika kifungu kile lilifasiriwa na Lord Parker kuwa linahusu jambo lililofanywa kwa makusudi na pia bila udhuru wa kisheria. Kwa hiyo swali la mahakama lina pande mbili: je, kazi ya askari ilifanywa ngumu, na je, aliyeifanya ngumu alikuwa na udhuru unaokubalika?

Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama zetu, ingawa husomwa kama mwongozo. Nimeyaleta hapa kwa sababu kifungu chetu kina asili hiyohiyo, kikitokana na kanuni ya kikoloni ya mwaka 1930. Pia nimeyaleta kwa sababu yanaonyesha ni mambo gani yaliyomo ndani ya maneno mawili tu niliyoyafasiri kwa pumzi moja. Mshtakiwa aliyesikia *uliwazuia kwa makusudi* hakuweza kujua kwamba anaulizwa kuhusu ugumu na udhuru.

4.0 *Kuzuia*: Maana na Sarufi

Tugeukie sasa Kiswahili. *Kuzuia* ni kitenzi chenye eneo pana. Nguzo huzuia dari isianguke. Mtu aliye juu ya ngazi humwambia mwenzake, "Nizuilie hapo chini," akiwa na maana ya kumshikia. Mwenye hasira hujizuia. Beki huzuia mpira. Katika mifano yote hii kuna jambo moja la kudumu: kitu kilichozuiwa kinabaki kilipo. Dari haijaanguka, ngazi haijateleza, hasira haijatoka, mpira haujapita.

Sarufi inaliunga mkono jambo hili. Kitenzi *kuzuia* aghalabu hufuatwa na kishazi chenye kitenzi cha dhamira tegemezi kanushi, na kukanusha huko ndiko kunakobeba tokeo. Tazama mifano ifuatayo, ambayo nimewajaribia wanafunzi wangu mara nyingi:

(1) Mvua ilituzuia tusisafiri.
(2) ?Mvua ilituzuia tusisafiri, tukasafiri.
(3) Mvua ilitutatiza, tukasafiri hivyohivyo.
(4) Mvua ilijaribu kutuzuia, tukasafiri.

Sentensi (2) inawakera wasemaji wengi. Wanapoombwa kuisahihisha, hutumia moja ya njia mbili: ama hubadili kitenzi kama katika (3), ama huongeza kitenzi cha kujaribu kama katika (4). Njia ya pili ina mafunzo kwetu. Msemaji anayelazimika kusema *alijaribu kuzuia* anakiri kwamba *kuzuia* peke yake kungemaanisha kufaulu. Swali la mama yule, "Si waliingia?", lilikuwa jaribio la sarufi sahihi kabisa. Alichukua tokeo na kulipambanisha na kitenzi, akaona havipatani.

Hata hivyo lugha ina vyombo vya kulegeza dai hilo, na mama yule alikitumia kimojawapo. Kielezi *kidogo* kinapofuata *kuzuia* huligeuza tendo la kukomesha kuwa tendo la kuchelewesha. *Niliwazuia kidogo* ni kusema niliwaweka pale kwa muda, kisha wakaendelea. Ni kweli kwamba *kidogo* hutumika pia kwa adabu tu, kama katika *naomba maji kidogo*, na ndiyo maana karani mwenye haraka hulidharau. Lakini katika jibu lile ndilo lililokuwa neno zito kuliko yote. Kwa hilo mama alikuwa amelisahihisha shtaka nililomsomea: halikuwa la kuzuia kabisa, lilikuwa la kuchelewesha.

Hapa msomaji mwanasheria anaweza kunitetea. Atasema kwamba *niliwazuia kidogo* ndiyo maana halisi ya *obstruct* kwa fasili ya mwaka 1955, na kwamba Kiingereza changu kililifikia jambo alilolitenda mama kuliko Kiswahili changu nilipomsomea. Utetezi huo nimeupima mara nyingi, nami sikubaliani nao. Mama hakuwahi kuulizwa swali la kuchelewesha na udhuru. Aliulizwa swali la kuzuia, akalisahihisha, na mimi nikalirudisha sahihisho lake likiwa kukiri. Zaidi ya hayo, sehemu ya pili ya jibu lake, iliyoanza na *maana*, ndiyo iliyolijibu lile suala la makusudi. Katika mazungumzo ya kila siku *kwa makusudi* lina harufu ya ukaidi na chuki. Tunamwambia mtoto, "Umefanya makusudi!" pale tunapomtuhumu ubaya. Mama alieleza kwamba hakuwa na ubaya, alikuwa na mzazi ndani. Kama udhuru huo ungekubaliwa na mahakama au la, lilikuwa suala la hakimu kuliamua baada ya kulisikia. Mimi karani sikuwa na mamlaka ya kuliamua kwa kunyamaza.

Jambo hili halikukosa mwongozo hata wakati ule. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri la mwaka 1973, ilikuwa imeeleza kwamba mashtaka pamoja na viini vyote vya kosa vielezwe kwa mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa, na kwamba jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri iwezekanavyo. Sikuwa nimelisoma shauri hilo. Nilipolisoma miaka mingi baadaye, katika maktaba ya chuo, nilifunga kitabu nikatoka nje.

5.0 Visawe Vingine na Mipaka Yake

Swali linalofuata ni la mfasiri: ikiwa *kuzuia* kunadai mno, tutumie nini? Mtumiaji wa kamusi za lugha mbili kwa kawaida hupewa orodha ya visawe vilivyotenganishwa kwa mikato, kana kwamba vina uzito mmoja. Nitavipitia vile vinavyojitokeza mara nyingi.

*Kupinga* kwa asili ni kulaza kitu kukingama njia, na kwa picha hiyo kiko karibu sana na kile cha Kilatini. Tunakiona bado katika *kupinga mlango* kwa gogo na *kupinga njia*. Lakini maana inayotawala leo ni kutokubaliana: kupinga hoja, kupinga uamuzi. Kumshtaki mtu kwamba *alimpinga askari* ni kuyageuza maneno yake kuwa jinai. Katika nchi ambayo raia ana haki ya kumuuliza askari kibali chake cha upekuzi, kisawe hicho kina hatari zaidi kuliko *kuzuia*.

*Kukwaza* ni kumfanya mtu ajikwae, na kwa vile anayejikwaa aghalabu huendelea na safari, kitenzi hiki hakidai tokeo. Kwa bahati mbaya, katika matumizi ya kidini na ya kawaida kimehamia kwenye moyo: aliyekwazwa ameudhika. Mahakama haimwadhibu mtu kwa kumuudhi askari. *Kukwamisha* kinadai tokeo sawa na *kuzuia*, maana kilichokwama hakiendi. *Kutatiza* kinafaa kwa mambo ya akili na mipango, lakini mtu aliyesimama mlangoni hatatizi, amesimama. *Kuziba* kinafaa kwa bomba, pua na barabara, na hakipendi yambwa ya mtu. *Kuchelewesha* ni sahihi kwa shauri la mama yule, lakini ni finyu: yako matendo yanayoifanya kazi ngumu bila kuichelewesha.

Ziko pia nyanja ambazo zimekwisha kujitafutia ufumbuzi. Katika kandanda, Sheria ya 12 inamwadhibu mchezaji anayejitia katika njia ya mwenzake ili kumkinga, kumpunguza mwendo au kumlazimisha abadili uelekeo, wakati mpira hauko karibu nao kiasi cha kuchezwa. Kumpunguza mwendo tu kunatosha kuwa kosa. Nasi tunapolieleza kosa hilo tunalazimika kutumia maneno mengi, kama vile *kumzuia mchezaji asiye na mpira*, kwa sababu *kuzuia* peke yake ni sifa ya beki hodari. Katika wodi ya wazazi nako kuna istilahi *uzazi pingamizi*, inayotumika pale ambapo uchungu upo lakini mtoto hawezi kushuka, kwa mfano kwa sababu ya nyonga finyu au mlalo wake. Istilahi hiyo imelirudisha shina *pinga* kwenye maana yake ya kale ya kukingama, tena bila kudai kwamba mtoto hatazaliwa. Atazaliwa, pengine kwa upasuaji. Wanasheria kwa upande wao wamelichukua neno *pingamizi* kwa maana nyingine, ya hoja inayowekwa dhidi ya shauri, kwa hiyo haliwezi kurudishwa kirahisi katika kifungu tunachokijadili.

6.0 Kutoka Kitenzi hadi Nomino

Ufumbuzi ninaouona ulinijia barabarani, ndani ya basi. Tulisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi, tukakaguliwa, tukaendelea. Abiria mmoja aliyekuwa akisimulia safari yake ya nyuma alisema, "Waliweka vizuizi vitatu, tukapita vyote." Hakuna aliyeshtuka. Linganisha:

(5) Waliweka kizuizi, tukapita.
(6) ?Walituzuia, tukapita.

Sentensi (5) ni ya kawaida kabisa, wakati (6) inadai maelezo ya ziada. Inaonekana kwamba shina *zui-* linapoingia katika nomino ya ala kwa kiambishi *ki-* huliacha dai la tokeo nyuma. Kizuizi ni kitu kilichokusudiwa kuzuia, na kama kimefaulu au hakikufaulu ni habari nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa *kikwazo*, ambacho kwa namna yake ya nomino kimeepuka pia maana ya kuudhi iliyokisonga kitenzi chake. Ni lazima nitaje kwamba nomino hizi nazo zina watoto wakaidi: aliye *kizuizini* hapiti. Lakini huko tokeo limeletwa na kiambishi cha mahali *-ni*, kwani mtu amewekwa ndani ya kizuizi, hakuwekewa kizuizi njiani.

Kwa misingi hiyo napendekeza kwamba, katika hati za mashtaka na tafsiri za sheria, *obstruct* yenye yambwa ya mtu anayetekeleza kazi ifasiriwe kwa kirai: *kumwekea kikwazo (askari) katika utekelezaji wa kazi yake*. Pale ambapo sheria inataka kukusudia, isemwe *kwa kukusudia na bila udhuru wa kisheria* ikiwa mahakama hufasiri hivyo, badala ya *kwa makusudi* tupu. Nakubali kwamba kirai ni kirefu kuliko kitenzi, na kwamba magazeti yataendelea kuandika *kumzuia askari*. Urefu huo hata hivyo una faida. Mshtakiwa anayeulizwa kama alimwekea askari kikwazo anaweza kujibu, "Kikwazo gani?" Swali hilo linailazimisha mahakama kukitaja, nalo ndilo swali ambalo mama yule hakupewa nafasi ya kuliuliza.

7.0 Hitimisho

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Wengi wetu tuliokuwa tumelipigania jambo hilo tulifurahi, na furaha hiyo ilikuwa ya haki. Lakini mtu asidhani kwamba kwa mabadiliko hayo mkalimani ameondoka mahakamani. Amehamia tu mahali pasipoonekana. Awali alisimama kati ya hakimu na mshtakiwa, na mshtakiwa aliweza angalau kumwona na baadaye kumkuta sokoni. Sasa ameketi katika chumba cha kutafsiri sheria, na kisawe atakachokichagua kitasomwa kwa maelfu ya watu wasiomjua, bila maandishi ya Kiingereza pembeni ya kulinganisha. Akiandika *kuzuia* mahali pa *obstruct*, ama atakuwa ameibadili sheria bila Bunge kujua, ama atakuwa amewaachia mahakimu neno la Kiswahili lenye maana ya Kiingereza ambayo raia hawezi kuiona.

Kwa hiyo utafiti wa visawe vya aina hii, kitenzi kwa kitenzi, kwa kuwajaribia wasemaji wenyewe kama nilivyofanya kwa mifano (1) hadi (6), bado unahitajika. Vitenzi vya Kanuni ya Adhabu ni hazina ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuichimba kwa miaka kadhaa: kushawishi, kusaidia, kuchochea, kukinza, kughilibu. Kwa kila kimoja aulize kwanza swali la tokeo, kisha aende akamuulize mtu asiyejua Kiingereza.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilijikwaa ulimi, na aliyeumia ni mwingine. Mama yule amekwisha fariki dunia, na jalada la shauri lake, kama bado lipo, linasema kwamba alikiri. Siku ile sokoni nilimjibu kwamba sheria ndivyo isemavyo, mama. Aliitikia kwa kichwa, akachukua kikapu chake akaenda zake. Jibu nililopaswa kumpa ni hili: hukumzuia mtu, waliingia, uliwaomba wangoje, nami ndiye niliyekuzuia usisikiwe. Hapo kitenzi kingekuwa kimetumika mahali pake, kwa maana yake kamili na tokeo lake.